Nyaya Nne za Mstari wa Chini

Bagamoyo, Alhamisi, baada ya alasiri

Zuhura mwanangu,

Kwa jina la Mola aliyenipa wewe bila ya kunionyesha namna ya kukulea. Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nakusikia unabishana na shangazi yako juu ya sanduku. Yeye anasema khanga sita, wewe unasema huko Bombay nguo zipo. Bishaneni. Habari za khanga na dawa ya homa na nani atakupokea bandarini nimemwachia yeye, ana sauti ya kutosha kwa mambo hayo. Mimi nimekaa hapa dirishani na daftari lako la darasa la saba. Nimelichana karatasi za katikati, usinigombeze.

Nina jambo moja la kukuambia na sijui lianzie wapi. Nimelianza kichwani mara nyingi tangu likizo yako ya mwisho, na kila mara linaanzia mahali pengine. Pengine linaanza na mjomba wako Kheri kufukuzwa kazi kwenye mabwawa ya chumvi. Pengine linaanza na mimi kuitikia amin. Acha nianze na ile siku uliyonifundisha, kwa sababu hapo ndipo nilipojijua.

Unakumbuka? Tulikuwa uani, mimi nachambua mchele, wewe una kitabu chako chenye picha za vile vidude vyeusi vyenye miguu kama tandu. Nikakuuliza, kama mtu asiye na neno, miguu isiyotumika inafanywaje. Ulifurahi kweli kuulizwa. Ukasema, "Mama, miguu si sawa. Kuna ya kusikia na kuna ya kusema. Mguu wa kusikia usipokuwa na kazi usiuache wazi, ufunge kwenye waya wa ardhi, ama sivyo utasikia hata visivyokuwepo. Mguu wa kusema usipokuwa na kazi uache peke yake. Ukiufunga kwenye ardhi, siku utakapotaka kusema unaungua."

Nikakuuliza, "Na mtu akiifunga yote?"

Ukacheka. "Mama naye! Mpumbavu gani huyo wa kuifunga yote?"

Nikacheka na mimi. Nikaendelea na ungo wangu, nikawa natupa mchele nabakiza mawe. Hukuona.

Mpumbavu huyo ni mimi, mwanangu.

Wewe ulikuwa shuleni, bwenini, mambo yale yalipotokea, na uliambiwa kwa mkato tu: mjomba ameacha kazi, yuko Saadani, anakausha samaki. Hakuacha. Sasa nisikilize, na nikichanganya mambo univumilie, maana hata leo mengine siyaelewi.

Kazi yangu pale kwenye chumvi unaijua: kushika ufunguo wa kibanda cha pampu, kufagia, kuandika maji yamefika wapi katika kila bwawa. Kheri ndiye aliyekuwa anaendesha pampu. Maji ya bahari yanavutwa, yanaingia bwawa la kwanza, jua linafanya kazi yake, yanapita la pili, hivyo hivyo mpaka la tano ambako chumvi inakaa chini nyeupe, na huko hatutaki hata tone la maji mapya. Basi mwaka ule kabla ya vita wakaja wageni wa mradi wa majaribio wakatufungia sanduku. Ndani yake mna yule tandu wako wa kitabuni. Walisema ndiyo akili ya mashine, itatazama maji yenyewe na kuwasha pampu yenyewe, na Kheri atakuwa wa kulinda tu. Nje ya sanduku palikuwa na mistari miwili ya skrubu, nane juu na nane chini. Za juu zinaingia nyaya kutoka kwenye maboya yanayopima maji mabwawani. Za chini zinatoka nyaya za kuamrisha: pampu, kengele, na taa mbili. Lakini mabwawa yetu ni matano. Kwa hiyo juu zilibaki skrubu tatu tupu, na chini zilibaki nne. Wageni wakasema mabwawa matatu mengine yatachimbwa, ndiyo maana nafasi imeachwa. Wakapanda gari lao wakaenda zao.

Mwezi wa kwanza hatukuona tatizo. Vuli ilipokaribia, hewa ikawa nzito, ukiacha nguo kambani haikauki. Pampu ikaanza kuamka yenyewe. Mchana mweupe, watu wako kivulini wanakula, unasikia inanguruma. Maji yanajaa la kwanza, yanafurika la pili, mpaka la tano, juu ya chumvi ya wiki tatu iliyobaki kukwanguliwa tu. Mara ya kwanza tukasema bahati mbaya. Mara ya tatu watu wakaanza kutazamana.

Na kioja ni kwamba mara nyingine mtu akisogea tu karibu na sanduku, hajagusa kitu, pampu inaamka. Kheri ndiye aliyeliona hilo. Akalisema mbele ya watu wote, "Hili sanduku linamsikia mtu akipita."

Msimamizi akamjibu, "Linakusikia wewe tu, Kheri? Sisi wengine tunapita tukiwa maiti?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kheri naye alicheka. Hakujua kwamba ndipo alipoanza kuandikwa kuwa mshukiwa.

Meneja akaniita. "Bi Tatu, jana saa nane pampu ilipoamka ulikuwa kibandani?"

"Sikuwapo. Nilikwenda kuswali."

"Na ufunguo wa pili anao nani?"

Nikasema, "Kheri."

Angalia hapo, mwanangu. Kila neno lilikuwa kweli. Sikuongeza, sikupunguza, na kweli hiyo tupu ikamfunga ndugu yangu, mtoto niliyembeba mgongoni mama yetu alipokufa. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka miwili. Ningesema uongo? Ningesema sijui? Labda ningeongeza kweli moja zaidi, kwamba hata mimi pampu iliwahi kuamka nilipokuwa nafagia karibu yake. Hiyo sikuulizwa, na sikuisema.

Msimamizi akatoa shauri isomwe halbadiri, aliyegusa mashine ajulikane. Tukakaa kwenye mikeka mbele ya kibanda, ubani unafuka, sheikh anasoma. Wewe umekua hapa, unajua halbadiri haichezewi. Katikati ya kisomo Kheri akasimama. Nikamvuta kanzu. "Kaa, watu watasemaje?"

Akaniinamia, akasema polepole, "Dada, tunamwapiza mtu ambaye hatujui kama yupo. Mimi siitikii hilo."

Akavaa viatu akaondoka. Mimi nikabaki. Dua ilipofika mwisho nikaitikia amin, na niliitikia kwa sauti kuliko wote, ili watu wajue mimi siko upande wake.

Kutoka kwake kukawa ndio ushahidi. Ikaandikwa kwamba amehujumu mali ya umma. Siku hizi neno hilo likishamgandama mtu halibanduki. Kheri ameomba kazi mahali patatu. Kila mahali wanamuuliza ulikuwa wapi, wanapiga simu kwenye chumvi, na mambo yanaishia hapo. Mikono ile iliyokuwa ikifungua mota ikaifunga tena, leo inageuza samaki juani.

Pampu haikuacha kuamka hata yeye alipoondoka, wakasema ameiharibu ndani, ndipo wakamleta fundi kijana kutoka Dar es Salaam, jina lake Daudi. Mtaratibu, mwenye adabu, shikamoo yake haikatiki. Alikaa mbele ya lile sanduku kutwa nzima. Alasiri akaniita, "Bi Tatu, njoo uone." Akasogeza kidole karibu na skrubu moja tupu ya mstari wa juu. Hakuigusa. Pampu ikaamka.

Nikasema, "Audhubillahi!"

Akacheka. "Si shetani, Bi Tatu. Hizi tatu hazina kitu lakini zinasikiliza. Zikikosa la kusikia zinashika chochote, mkono wako, unyevu, umeme wa ule waya wa jenereta unaopita ukutani. Sanduku linadhani bwawa la sita lina kiu. Au la saba. Au la nane."

"Lakini hayo hayajachimbwa!"

"Ndiyo. Sasa nani aliliambia sanduku?"

Zuhura, hapo ndipo kichwa changu kilipokwama, na hakijatoka. Mabwawa yasiyokuwepo yaliomba maji yakapewa, chumvi ya mabwawa yaliyopo ikaharibika, na mtu aliyepo akafukuzwa. Wewe utanieleza vizuri kwa kalamu na michoro, nami nitaitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Lakini jambo lisilokuwepo linapataje nguvu ya namna hiyo? Ukiona mwalimu mzee huko, mwenye subira, muulize kwa niaba yangu.

Daudi alisema Jumamosi atarudi, atamwonyesha meneja kwa macho. Skrubu zikifungwa kwenye ardhi pampu inalala, zikifunguliwa inaamka. "Ndugu yako atarudi kazini, Bi Tatu." Akazima sanduku, akanionyesha skrubu ya ardhi, akaniachia vipande vya waya, akaniomba nizifunge kabla hajafika. Akasema, "Zile tatu za juu." Nilimsikia. Wallahi nilimsikia vizuri.

Ijumaa baada ya sala nikachukua bisibisi nikazifunga zile tatu. Kisha nikaziona zile nne za chini, ziko wazi, hazina kitu. Unanijua mama yako. Sufuria haliachwi bila kifuniko, dirisha haliachwi bila komeo. Nikasema moyoni, kama ugonjwa ni uwazi, hizi naziachia nini? Ndugu yangu atibiwe nusu? Nikazifunga na zile nne. Nikasoma Fatiha, nikapulizia. Nilitoka pale mwepesi, nimeridhika nimeongeza wema juu ya wema.

Jumamosi tulikuwa wanne: meneja, msimamizi, Daudi na mimi. Lile sanduku likiwashwa, kwanza huamrisha kila kitu mara moja, kengele, taa, vyote, kujipima. Daudi akazitazama zile tatu za juu tu, akawasha. Kengele haikulia vizuri, ilikoroma tu. Ikaja harufu, ukaja moshi. Daudi akakimbilia jenereta kuizima, wengine wakatoka nje wanakohoa, na msimamizi huku machozi yanamtoka anasema, "Jini limeaga dunia! Matanga yako nyumbani kwa Kheri!"

Na mimi nilibaki ndani. Hapa ndipo penyewe, mwanangu, yote niliyoandika juu ni njia ya kufika hapa. Sikuelewa kilichotokea, lakini mikono yangu ilielewa. Nikazifungua zile nyaya nne za chini, haraka haraka, zingine bado za moto, nikazifunga kwenye pindo la khanga. Daudi aliporudi akakuta tatu za juu zimefungwa kama alivyosema, na za chini ziko tupu kama alivyoziacha. Akamulika kwa tochi, akapekua, jasho linamtiririka.

"Sielewi," akasema. "Sielewi kabisa. Nimekosea wapi?"

Meneja akamwambia, "Umekosea kutupotezea siku."

Daudi akanigeukia. "Nisamehe, Bi Tatu. Nimemharibia ndugu yako."

Aliniomba mimi msamaha. Nami nikamjibu, "Haidhuru, mwanangu." Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Hakurudi tena, na jambo la Kheri likafa siku hiyo, kwa sababu sanduku lililokuwa lishuhudie limeungua.

Miaka miwili nilijiambia ni chumvi iliyolila. Kila chuma pale kinaliwa na chumvi, kwa nini sanduku lisiliwe? Nilikuwa nimeanza kuamini. Ndipo wewe na kitabu chako. Usijilaumu, hukujua ulikuwa unamhukumu nani. Lakini tangu siku ile kichwa kikiniuma najiuliza: tulimwapiza aliyegusa mashine, na wakati ule hakuna aliyegusa. Aliyekuja kuigusa baadaye ni mimi. Je, dua inangoja? Nilimuuliza sheikh kwa mbali, kama habari ya mtu mwingine. Akasema Mwenyezi Mungu hakosei anwani. Jibu hilo lilikusudiwa kunituliza, nikalala nalo macho wazi.

Najua utasema matendo ni kwa nia, nimekufundisha mwenyewe. Kwa kufunga, sawa, nia ilikuwa njema, upumbavu ndio uliozidi. Kwa kufungua je? Nimejaribu kukumbuka nilinuia nini mikono ilipokuwa inafanya kazi ile, sikumbuki kitu. Nakumbuka joto la nyaya tu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kosa la kwanza lingesemeka palepale, kwa maneno mawili, na pengine wangenicheka wiki moja yakaisha. Kila siku iliyopita likawa na uzito mwingine ambao si wake.

Kheri amekuja adhuhuri hii, umemwona. Mara ya kwanza tangu aondoke kukanyaga nyumba hii, na amekuja kwa ajili yako. Ulicheka alipobwaga kikapu cha papa mkavu na shangazi yako akapiga kelele, "Huyu papa atapanda meli na mtoto? Watamshusha njiani kwa harufu!" Naye akajibu, "Papa huyu anaijua bahari kuliko nyie wote." Mimi nilicheka jikoni, kisha nikaketi juu ya kinu nikalia. Kesho atakusindikiza mpaka Dar es Salaam, halafu atarudi Saadani, na sijui miaka mingine mingapi.

Nimemwandikia meneja barua nyingine, iko hapa chini ya hii. Nimeeleza yote. Ikimfika, kazi yangu imekwisha, na kazi hiyo ndiyo inayoniweka mimi na shangazi yako mjini. Kwa Kheri sina barua. Nilikusudia nikuandikie wewe usome ukiwa mbali, kisha wewe umwandikie yeye. Sasa nimeandika mpaka hapa naona haya hata ya karatasi. Namsikia anapiga hodi, ametoka msikitini. Naweka kalamu.

*

Nimerudi. Magharibi imeshaswaliwa.

Nilimwita uani. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kuanzia ufunguo, na amin, na nyaya, mpaka pindo la khanga. Alikuwa ameishika kofia yake anaizungusha vidoleni. Nilipomaliza akauliza, "Zilikuwa ngapi?"

"Nini?"

"Za chini."

"Nne."

Akaacha kuizungusha kofia. Kisha akasema, "Dada, wale wageni walipofunga lile sanduku nilikaa nao siku tatu nawashikia taa. Za juu zinasikia, za chini zinaamrisha. Nilikuwa najua. Ijumaa ile nilikuwa bado hapa mjini, nyumba ya tatu kutoka kwako. Ungekuja kuniuliza."

Nikamwambia, "Niliona haya. Kwa ajili ya ile amin."

"Niliisikia," akasema. "Nilikuwa sijafika hata barabarani."

Nikaenda kuichukua barua ya meneja nikampa. Aliisoma polepole, kidole kinafuata mstari. Nilidhani atasema nisiipeleke, na Mungu anisamehe, kuna upande wangu ulikuwa unalingojea neno hilo. Alipofika katikati kidole kikasimama.

"Hapa umeandika 'ndugu yangu'."

"Ndiyo."

"Pale wenye ndugu ni wangapi? Andika jina."

Nikaandika Kheri.

"Lote."

Nikaandika Kheri Athumani Mwinyikambi, pale pale juu ya pipa la maji, herufi kubwa. Akaitazama kwa muda. Akauliza na yule fundi kijana baba yake nani. Nikasema sijui. Akasema litatafutwa, barua haiendi bila jina lake.

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Sijui kama amesamehe. Uso wake siujui tena kama zamani, miaka miwili ya jua la Saadani imeubadilisha. Wewe nawe ukisoma haya sijui utanitazamaje, na sikuombi unitazame kwa namna yoyote. Nenda ukasome. Mungu akufungulie unayoyaendea na akurudishe na imani yako na afya yako.

Alipokuwa anatoka uani akageuka mlangoni. Amesema harudi Saadani kesho. Jumamosi twende kwa meneja wote wawili, maana nikienda kueleza peke yangu nitazichanganya za juu na za chini.

Mama yako,
Tatu binti Athumani